Kuacha na Kuachwa

Asubuhi ya Jumamosi moja, nilipokuwa nimechuchumaa kando ya pikipiki yangu katika kibanda cha fundi hapa Mugutha, nikijaribu kunyanyuka bila ya kuonyesha kwamba kiuno kimekataa, na mkono mmoja umemshika mwenziwe kwenye kifundo, mahali ambapo maumivu yamefanya maskani tangu masika ya mwaka jana, fundi ambaye amekitunza chombo hicho kwa miaka tisa, na ambaye siku zote hizo ameniita Mwalimu, aliniambia neno ambalo hakuwahi kuniambia. "Mzee," alisema, huku akijifuta mafuta viganjani, "hii nduthi si saizi yako tena." Hakukusudia kunivunjia heshima. Katika nchi hii uzee ni cheo kabla haujawa maradhi, na kijana amwitaye mtu mzee huwa amempa kiti, hajamnyang'anya. Hata hivyo nililipa, nikaaga, nikaondoka na neno lile kama mtu aliyeingiwa na kijiwe kiatuni, ambaye haoni haya kutembea nacho lakini hawezi kukisahau.

Haukupita muda nikasikia kwamba bwana mmoja wa Thika, anayehamia ng'ambo kwa wanawe, anauza pikipiki ya safari, Honda Gold Wing ya silinda sita, yenye kiti kipana kama cha sebuleni, kioo kirefu cha kukinga upepo, na masanduku ya mizigo kila upande. Nilikwenda kuitazama. Niliikalia, mgongo wangu ukanyooka, mikono ikatua juu ya mishikio bila ya kudaiwa chochote, na nafsi yangu, ambayo kwa miaka tisa imejigamba kwamba haitaki raha, ilinyamaza kimya cha mtu aliyeshikwa na ushahidi. Bei haikuwa nje ya uwezo wangu. Kilichonirudisha nyumbani bila ya kununua ni swali, na swali hilo ndilo ninaloliandikia: mtu akiliacha jambo kwa kuwa hana tena nguvu za kulitenda, je, ameacha, au ameachwa?

Waswahili wanajua vyema tofauti ya maneno hayo mawili, kwa sababu katika nyumba zetu mume huacha na mke huachwa, na mara nyingi aliyeachwa ndiye asemaye kwa sauti kubwa zaidi kwamba yeye ndiye aliyechoka. Nimewasikia wanaume wengi wa makamo wakihadithia jinsi walivyoiacha kasi, au ulevi, au ugomvi, au wake za watu, na katika hadithi zao wao huwa ndio watoao talaka. Lakini msikilizaji mwenye makini husikia nyuma ya maneno yao kikohozi cha ini lililochakaa, goti lililokataa, au mfuko uliotoboka. Sungura wa ngano zetu, aliyeruka mara kwa mara asizifikie ndizi, aliondoka akisema kwamba hazitaki kwa kuwa ni mbichi, na tangu siku hiyo ameacha kizazi kikubwa mno kati ya wanadamu.

Msomaji asiyepajua hapa kwetu na aelewe kwanza jinsi mwendo ulivyotufikia, maana tamaa haioti pasipo udongo wake. Nchi hii ya Ruiru na Thika ilikuwa nchi ya kahawa, zao ambalo mkulima hulipanda leo akingoja miaka kabla ya kuona punje, na kituo cha utafiti kilicho jirani yetu ndicho kilichotoa, mwaka 1985, ile aina ya mbuni mfupi ustahimilio maradhi, iitwayo Ruiru 11 kwa jina la mji. Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika akiwa mtoto, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1959 safari ya kutoka Nairobi kwa gari lililokokotwa na ng'ombe. Mwaka 1913 reli ikafika Thika. Na tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi barabara kuu tuliyo nayo, ya kilomita zipatazo 50, yenye njia nane katika sehemu zake pana. Karne moja tu, basi, imetosha kuigeuza safari ya gari la ng'ombe kuwa safari imalizikayo kabla ya chai kupoa, na katika karne hiyo yote sijasikia aliyewauliza watu watafanya nini na muda waliookoa. Mimi wangu niliutumia kwa kuokoa mwingine. Nilinunua Suzuki GSX-R ya sentimita za ujazo 750, na kila Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu na Kilimambogo ikiwa bado ni kivuli upande wa mashariki, nilitoka Mugutha kwenda Thika na kurudi, bila ya haja yoyote Thika.

Chombo hicho kina siri ambayo asiyekipanda haijui. Mishikio yake iko chini, pa kuwekea miguu pako juu na nyuma, na tangi liko chini ya kidevu, hivyo mpandaji hulazimika kuinama kama mwenye kurukuu, na uzito wa kiwiliwili chake wote hutua juu ya vifundo vya mikono. Ukienda polepole, katika msongamano wa Githurai, au nyuma ya lori la mawe litokalo machimbo ya Ndarugu, vifundo huwaka moto, shingo hukaza kwa kuinuliwa ipate kuona mbele, na joto la injini hupanda mapajani. Lakini ukizidisha mwendo, ukaipita kilomita 100 kwa saa na kuzidi, upepo ujao mbele hukubeba kifua kama kiganja cha mama kimbebavyo mtoto anayejifunza kuogelea. Uzito huondoka mikononi, shingo hulegea, joto hupeperuka, na maumivu yote hupotea kana kwamba hayakuwapo. Maana yake ni kwamba chombo hiki humwadhibu mwenye saburi na kumtuza mwenye pupa. Hakimwambii mtu akimbie, bali humfanya ateseke asipokimbia, nayo ndiyo njia ya kila tamaa iliyokomaa: mwanzoni hukuahidi furaha, na baadaye hukuahidi tu kwamba itaondoa maumivu iliyoyaleta yenyewe. Shekhe mmoja wa Mji wa Kale kule Mombasa, ambaye nilimweleza mkao huo kwa mzaha, alinijibu bila ya kucheka, "Basi, mwanangu, rukuu yako ya barabarani ni ndefu kuliko ya msikitini."

Kuna jambo la pili. Sheria ya Kenya humruhusu mwenye gari dogo kwenda kilomita 110 kwa saa katika barabara iliyotenganishwa pande mbili kama hii yetu. Pikipiki yangu huipita kilomita 110 kabla sijaondoka gia ya kwanza, na gia zake ni sita. Nimelitafakari sana hilo. Gia tano zilizobaki si za sheria, wala si za haja, wala si za mizigo, wala si za kumwahi mgonjwa. Zimetengenezwa kwa uhodari mkubwa, kwa chuma safi na hesabu sahihi, kwa ajili ya mahali pasipokuwapo. Nadhani kila mwanadamu amezaliwa na gia tano za namna hiyo, yaani uwezo wa kutaka unaozidi kwa mbali yote yanayoweza kupatikana kwa halali. Kama tumepewa ili tuzitumie, au ili tuzijue na kuziacha zimetulia ndani ya mafuta yake, ni suala ambalo sikupata kujiuliza vifundo vyangu vilipokuwa vizima.

Watengenezaji wenyewe waliliona tatizo kwa namna yao. Mwaka 1999 kampuni ya Suzuki ilitoa pikipiki iitwayo Hayabusa, jina ambalo kwa Kijapani ni la ndege kozi, naye kozi ashukapo juu ya windo lake hakuna kiumbe kimpatacho. Ilikwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na mara serikali za Ulaya zikaanza kunong'ona kuhusu kuzipiga marufuku pikipiki za aina hiyo. Ndipo makampuni, ambayo mpaka siku ile yalikuwa yakishindana kwa kasi, yakapatana yenyewe kwa yenyewe kwamba hakuna itakayovuka kilomita 300, na mishale ya vipimo ikakomea 299. Ni mapatano ya kuchekesha, kwa kuwa atakayekufa kwa kilomita 301 hatapona kwa kilomita 299. Lakini yana funzo. Kikomo kilichowekwa kwa kuogopa kunyang'anywa si staha, ingawa kinafanana nayo kama mapacha. Makampuni hayakuiacha kasi, bali yaliona kwamba karibu yataachwa nayo, yakawahi kuandika talaka.

Wala mtu asidhani kwamba hasara ya jambo hili ni ya mpandaji peke yake. T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alipenda pikipiki za Brough Superior kupita kiasi, akazimiliki moja baada ya moja na kuisifu kasi yake kwa maandishi. Mwezi Mei 1935, miezi michache tu baada ya kuacha utumishi wa jeshi la anga, aliwakuta ghafla wavulana wawili wa baiskeli katika barabara ya Dorset, akajaribu kuwakwepa, akaanguka, na baada ya siku sita akafariki akiwa na miaka 46. Tabibu Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomshughulikia, alitoka kitandani pale na azma ya kuchunguza majeraha ya vichwa vya wapanda pikipiki, na uchunguzi wake ulisaidia sana kuwavisha kofia ngumu matarishi wa jeshi. Kinachonishika mimi katika habari hiyo ni wale wavulana. Mwenye kasi hudhani kwamba amefanya mkataba na mauti yeye peke yake, faragha, ilhali barabara imejaa watu wasiotia saini: mama anayevuka Kimbo na ndoo, mwanafunzi wa Juja aliyeziba masikio kwa muziki, mzee asiyeamini madaraja ya miguu. Elimu ya maumbile nayo haina huruma, kwa maana nguvu ya chombo kiendacho haikui sawasawa na mwendo wake bali hukua mraba, na aliyeongeza kasi mara mbili ameongeza mara nne nguvu atakayohitaji kuizima ili asimame.

Sasa narudi kwenye swali. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato, ambaye Waarabu humwita Aflatuni, anamleta mzee tajiri aitwaye Cephalus, anayesema kwamba uzee haumsikitishi, na anamtaja mshairi Sophocles, ambaye alipoulizwa katika uzee wake kama bado anawaweza wanawake alijibu kwamba ameshukuru kuponyoka, kama mtumwa aliyemtoroka bwana mwenye wazimu. Jibu hilo limesifiwa kwa karne nyingi, nami sitalibeza, kwa kuwa lina unyofu: Sophocles hakudai kwamba alipigana na bwana yule na kumshinda. Lakini mtumwa ambaye bwana wake amekufa kwa kutopea miaka hajaupata uungwana kwa upanga wake, na lau bwana yule angefufuka kesho asubuhi, nani ajuaye kama mtumwa hangemletea maji ya kunawa?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili jambo hili uso kwa uso katika kitabu cha toba kilichomo ndani ya Ihyaa Ulumud-Din. Aliuliza kuhusu mtu aliyezini ujanani kisha akaondokewa na uwezo: je, toba yake yasihi? Ukiifupisha hoja yake, toba ni majuto yazaayo azma ya kuacha kile uwezacho kukitenda, na asiyeweza hana cha kuacha. Lakini ikiwa majuto yake yamekuwa makali kiasi cha kwamba lau matamanio yangemrudia yangeungua ndani ya moto huo, basi haifai kumfungia mlango wa rehema, kwa kuwa Mwenyezi Mungu huijua dhamiri kama ajuavyo kitendo. Kisha, akipima nani bora kati ya mtu anayepambana na mtu asiye na kitu cha kupambana nacho, alimleta mwindaji. Haifai kusema, anaeleza, kwamba mwindaji asiye na farasi wala mbwa amemzidi mwenye navyo eti kwa sababu amesalimika na kuangushwa na kuumwa. Mwenye farasi na mbwa, akiwa na nguvu na maarifa ya kuwatiisha, ndiye mwenye daraja ya juu.

Niliposoma habari ya farasi yule nilifunga kitabu, nikatoka nje kuitazama Suzuki yangu chini ya turubai. Hoja ile ilinipiga pande mbili kwa pamoja. Iliniambia kwamba nikiiuza pikipiki kwa ajili ya maumivu ya mikono sitakuwa na haki ya kujiita mshindi, maana nitakuwa mwindaji aliyempoteza farasi wake na kuita hasara hiyo ucha Mungu. Lakini iliniambia pia, na hapo ndipo nilipotweta, kwamba katika miaka yote tisa sikuwa mwindaji mwenye farasi mtiifu, bali nilikuwa nimechukuliwa. Farasi alikwenda alikotaka kila Jumapili alfajiri, nami kazi yangu ilikuwa kuinama nisianguke, kisha nikirudi nyumbani nasema kwamba nimeendesha.

Atakuja msemaji aseme: unajitesa bure, mwili una haki juu yako, na dini haikumwamuru mtu kuvunja vifundo vyake ili athibitishe nia. Ni kweli, wala sibishi. Mwili ni amana, na mwenye amana akiirudisha imechakaa kwa upuuzi ataulizwa. Fauka ya hayo, kijana wa boda boda apitaye mlangoni pangu na abiria wawili na gunia la kabeji hatakuwa na subira na maneno yangu, kwa kuwa yeye hapandi kwa kupenda kasi wala kwa kupenda raha bali kwa kutafuta unga, na maumivu ya mgongo wake hayamfanyi aandike makala. Nakiri kwamba swali langu ni swali la aliyeshiba. Lakini aliyeshiba naye ana nafsi ya kuihesabu, na pengine ana hesabu ndefu zaidi, maana hana njaa ya kuilaumu.

Wala raha haina usalama niliodhani inao. Ile Gold Wing ya Thika ina uzito upitao kilo 350, na mwenyewe aliniambia, huku akinionyesha mkwaruzo chini ya sanduku la kushoto, kwamba haijapata kumwangusha njiani. Imemwangusha mara mbili ikiwa imesimama, mara ya kwanza kituo cha mafuta na mara ya pili langoni pake. Kila chombo, basi, kina mahali pake pa mtihani: cha mbio hukujaribu ukiwa na haraka, na cha raha hukujaribu ukiwa umetua, unapodhani kwamba hakuna tena la kushika. Nimewaona wazee waliovuka salama mbio zote za ujana wao, kisha wakaangukia langoni, juu ya kiti, juu ya kiyoyozi, juu ya mazoea ya kupumzishwa mpaka wakachukia kusumbuliwa na jirani mwenye shida. Hata hivyo chombo kile kina kitu kilichonichekesha na kunifikirisha: kwa ajili ya uzito wake kimepewa uwezo wa kurudi nyuma kwa nguvu ya umeme wa mota ya kuwashia, jambo ambalo pikipiki nyingine karibu zote hazina. Neno toba katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya kurejea. Nilimwomba mwenyewe anionyeshe. Alibonyeza kitufe, na lile jabali la chuma likarudi kinyumenyume polepole sana, likinguruma kidogo, kama mtu mzito aliyekubali kosa lake mbele ya watu.

Bado kuna shida ya mnunuzi. Fundi amekwisha nipatia, naye ni kijana wa miaka 22, mwenye fedha alizozipata mapema na macho niliyoyatambua mara moja kwa kuwa nilikuwa nayo. Wanazuoni wetu wamejadili tangu kale hukumu ya kumuuzia zabibu mtu ajulikanaye kwamba atazikamua ziwe ulevi. Wako waliosema kwamba zabibu ni halali na dhambi ni ya mkamuaji, na wako waliosema kwamba ajuaye kisha akauza ameingiza mkono wake ndani ya pipa. Mimi sina elimu ya kuamua baina yao. Ninalolijua ni kwamba nikipokea fedha za kijana yule na kwenda kununulia raha yangu, nitakuwa nimeilipia toba yangu kwa hatari yake, na toba ya namna hiyo inanukia biashara. Mwenye kisu akizeeka haimpasi kukigawa kwa watoto ili asifiwe kwamba hachinji tena.

Nikiyatazama yote haya pamoja naona kwamba nilikosea katika kuuliza. Nilidhani kuna watu wawili tu, anayeweza na asiyeweza, anayeacha na anayeachwa. Kumbe umri una saa ya tatu, nayo ndiyo yangu. Adhuhuri imepita na magharibi haijaingia. Katika alasiri ya mtu nguvu hazijakwisha, ila zimeanza kuaga, na kwa muda usiojulikana urefu wake mtu huweza bado kutenda lile ambalo karibu hataliweza. Swala ya alasiri ikiswaliwa ndani ya wakati wake, hata dakika za mwisho jua likigeuka manjano, ni adaa. Likishatua ni kadha, nayo kadha ni deni linalolipwa, si miadi iliyotimizwa. Mikono yangu inauma, lakini Jumapili alfajiri upepo bado waweza kuninyanyua. Kipande hicho kidogo cha uwezo kilichobaki ndicho mali pekee niliyo nayo ya kutolea sadaka, na nikingoja kwa miaka mingine mitano nitakuwa nimekuja sokoni na mfuko mtupu nikijidai mkarimu.

Kwa hiyo nimeagana na nafsi yangu jambo ambalo fundi ameliona la kichaa. Sitanunua ile ya Thika kwa sasa, wala sitauza hii. Kwa siku 40, kila nitokapo, nitaipanda Suzuki yangu bila ya kupita kilomita 80 kwa saa, katika njia ya kushoto, nyuma ya malori, mahali ambapo upepo haunisaidii na vifundo hubeba mzigo wote. Ningekimbilia kiti kipana leo nisingepata kamwe kujua kama nimeiacha kasi au nimeyakimbia maumivu, kwa kuwa juu ya kiti kile kwenda polepole ni starehe, na starehe haitoi ushahidi. Hapa juu ya chombo cha mbio kila kilomita ya taratibu ina gharama yake, na ninapoilipa naijua. Siku 40 si za kujiumiza kwa ajili ya kujiumiza. Ni kumtiisha farasi kabla ya kumwachia malishoni. Zikitimia nitakwenda Thika kwa haki, nitaketi juu ya raha ile kama mgeni aliyealikwa, na Suzuki itabaki chini ya turubai mpaka ipate mnunuzi mwenye mvi kidogo.

Siku ya 23, karibu na Juja, kijana mmoja alinipita kwa sauti ile niijuayo, kiwiliwili kimelala juu ya tangi, asigeuze hata kichwa kumtazama mzee aliyejibana nyuma ya lori la mawe. Nilikuwa nikiwaza habari nyingine kabisa. Nadhani nilikuwa nikiwaza makala haya na jinsi yatakavyopokewa. Mkono wa kulia uliizungusha resi kabla sijaombwa ruhusa. Nilitoka nyuma ya lori, upepo ukaniingia kifuani, uzito ukaondoka mikononi, maumivu ya siku 23 yakafutika kama chaki, na kwa muda wa kuhesabu labda kumi nilikuwa na miaka 30. Kisha nikaona ukingo wa daraja la miguu na watu juu yake, nikaachia, nikasogea pembeni, nikasimama.

Nilipomsimulia fundi alicheka sana, akaniuliza, "Sasa, mzee, zimebaki siku ngapi?" Nikamjibu kwamba zimebaki 40. Leo ni ya sita ya hesabu hiyo mpya. Vifundo vinaniuma tangu asubuhi, nami sijavipaka dawa, kwa kuwa maumivu hayo ndiyo ushahidi pekee nilio nao kwamba bado naenda polepole.